Kozi ya Kikantoni ya kusikiliza: sauti ni nzuri, kijitabu kina kasoro

Kozi hii ya Kikantoni, lugha ya Kichina inayozungumzwa Guangzhou na Hong Kong, yenye masomo yaliyorekodiwa pamoja na kijitabu, inauzwa katika duka moja la vitabu hapa Kampala, na inawalenga wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Guangzhou. Msomaji hutamka wazi bila haraka, na maandishi yanafuata Jyutping, mfumo wa kuandika Kikantoni kwa herufi za Kilatini uliotungwa mwaka 1993 na chama cha wanaisimu wa Hong Kong, ambao huweka namba ya toni (kiwango na mwendo wa sauti unaotofautisha maana), kuanzia 1 hadi 6, mwishoni mwa kila silabi.

Kasoro imo katika somo la ununuzi. Mwanafunzi amekwisha kufundishwa kwamba mfuko ni doi6, kwa toni ya chini isiyopanda wala kushuka; sasa anatajiwa mkoba wa mkononi, anasikia sau2 doi2, silabi ya mwisho ikipanda juu, lakini kijitabu kimeandika sau2 doi6. Ndara nazo zinatamkwa to1 haai2 na kuandikwa to1 haai4. Inaelekea mhariri alinakili toni za herufi mojamoja za Kichina kutoka kwenye kamusi, bila kujali kwamba katika mazungumzo ya kila siku silabi ya mwisho ya maneno mengi ambatani huhamia toni ya 2. Uhamaji huo hausababishwi na toni ya silabi jirani, kama inavyotokea katika Kimandarini toni mbili za 3 zinapofuatana, bali ni mazoea ya neno lenyewe: viatu vya ngozi hubaki pei4 haai4. Kwa kuwa hakuna kanuni ya kumwezesha mwanafunzi kubahatisha, kijitabu hakina budi kuandika kila neno linavyotamkwa. Hata jina la lugha yenyewe, gwong2 dung1 waa2, limepewa waa6 jaladani!

Kwa mnunuzi wa jumla si jambo dogo, maana tong4 ni sukari na tong2 ni peremende. Wasemaji wa Luganda, waliozoea toni zisizoonyeshwa katika maandishi, huenda wakaamini masikio yao. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili, kisicho na toni, tutaamini kijitabu.

Ajabu ni kwamba sura ya majina ya watu haina dosari: inaeleza vizuri jinsi ukoo wa Can4 unavyokuwa aa3 can2 marafiki wanapoitana. Aliyeiandika angekabidhiwa pia somo la ununuzi. Ninashauri kozi inunuliwe, ila msikilizaji ashike kalamu na kusahihisha namba kadiri anavyosikia.