Mashine ya Gemu kwa Mchezaji wa Mwisho wa Wiki: Ipi Itangulie, Ipi Ifuate

Mtu anayecheza mechi mbili tatu za mpira Jumamosi jioni, kisha akaacha hadi wiki nyingine, hana sababu ya kununua mashine ileile inayomfaa anayekesha mbele ya televisheni. Hata hivyo, kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya Luthuli Avenue, Nairobi, wote wawili huelekezwa kwenye mashine mpya kuliko zote, na mazungumzo huishia kwenye ubora wa picha. Kwa mchezaji wa kawaida wa huku kwetu, mambo yanayoamua kama mashine itatumika au itabaki ikikusanya vumbi ni mengine: marafiki zake wanacheza gemu gani, diski zake zinapatikana wapi, bando lake linatosha kupakua kiasi gani, na umeme wa nyumbani kwake ukoje. Mpangilio ufuatao umezingatia hayo.

Nafasi ya kwanza ninaipa PlayStation 4 Slim iliyotumika, ilimradi iwe nzima. Ni kweli kwamba ilitoka mwaka 2016, na PlayStation 4 yenyewe mwaka 2013, lakini gemu ya mpira ya EA Sports FC 26 iliyotolewa mwaka 2025 bado inacheza ndani yake, na diski za miaka ya nyuma zimejaa mitaani, ambako watu huziuza, huziazima na kubadilishana. Suala hili la diski lina uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Gemu moja kubwa hula makumi ya GB, na mwenye diski huingiza sehemu kubwa ya gemu hiyo bila kugusa bando, akabaki na masasisho tu ya kupakua. Akiichoka, anaiuza na kuongezea fedha kidogo ili apate nyingine. Gemu iliyopakuliwa haiuziki wala haiazimwi. Upungufu wa PS4 ni kwamba watengenezaji wanazidi kuiacha: Grand Theft Auto VI, kwa mfano, imetangazwa kwa PlayStation 5 (PS5) na mashine za Xbox Series za Microsoft pekee. Anayeisubiri gemu hiyo asinunue PS4. Vilevile, jihadhari na PS4 zilizochipiwa, yaani zilizochezewa ili zikubali gemu zisizolipiwa. Huja na gemu nyingi za bure, lakini programu yake huachwa kwenye toleo la zamani, na mwenye nayo akitaka kucheza mtandaoni na wenzake hujikuta amefungiwa nje.

Inayofuata ni PlayStation 5 Slim yenye sehemu ya diski, na kwa mwenye fedha ya kutosha inaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza, kwa kuwa inacheza pia diski za PS4. Sisitiza diski. Toleo la kidijitali, lisilo na sehemu ya diski, huonekana nafuu siku ya kununua, lakini baada ya hapo kila gemu itatoka kwenye duka la mtandaoni. Ni kweli kwamba PS5 Slim, iliyotoka mwishoni mwa 2023, inakubali kuongezewa kisomadiski baadaye, ila kifaa hicho huuzwa peke yake na lazima mashine iunganishwe na intaneti siku ya kukifunga. Fanya pia hesabu ya pedi (kidhibiti cha mkononi) ya pili, kwani ndani ya boksi mna moja tu, na pedi za PS4 hazikubali kucheza gemu za PS5. Zitakubali zile za PS4 peke yake. Kuhusu akaunti, Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya nchi za mtandao wa PlayStation, kwa hiyo wengi hufungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Chagua nchi moja na ubaki nayo, maana kadi ya malipo ya nchi moja haifanyi kazi kwenye akaunti ya nchi nyingine.

Nintendo Switch ninaiweka ya tatu, ingawa kwa nyumba yenye watoto wadogo, au mtaa ambao umeme hukatika kila mara, ningeichukua kabla ya zote. Ina betri yake na skrini yake, na zile za kawaida zilizotoka kuanzia katikati ya 2019 hucheza kati ya saa nne na nusu na saa tisa kulingana na gemu. Pedi zake mbili ndogo zinatosha watu wawili tangu siku ya kwanza. Hata ikiwa kwenye televisheni hula chini ya wati 20, wakati PS5 hufika takriban wati 200 kwenye gemu nzito. Mwenye sola au anayeihesabu LUKU (umeme wa kulipia kabla) ataielewa tofauti hiyo. Usichukue Switch Lite ikiwa unataka kuunganisha na televisheni, kwa sababu haiunganiki. Usinunue pia gemu za mpira za FIFA 20 hadi 23 za Switch: zilibadilishwa vikosi na jezi tu, uchezaji ukaachwa vilevile.

Ya nne ni Xbox Series S. Ni ndogo, tulivu na haili umeme mwingi, lakini haina kabisa sehemu ya diski, na toleo la kwanza lina hifadhi ya GB 512 tu. Mwenye intaneti ya faiba isiyo na kikomo anaweza kuipandisha hadi ya pili. Anayetegemea bando la simu aiache.

Ukinunua iliyotumika, usikubali kuonyeshwa taa ikiwaka tu. Ingiza diski na ucheze mechi nzima huku ukisikiliza feni, kwani mashine iliyojaa vumbi huanza kunguruma ikishapata moto. Acha pedi mezani uone kama mchezaji kwenye skrini anatembea mwenyewe, dalili kwamba kijiti cha pedi kimechoka. Tikisa kidogo waya wa HDMI, ule wa kwenda kwenye televisheni, uone kama picha inapotea. Soma kibandiko cha volti, hasa kwenye mashine zilizotoka Japani au Marekani. Kisha, kabla ya kulipa, washa bando la simu na uingie mtandaoni kwa akaunti yako palepale dukani, kwa sababu mashine iliyofungiwa na kampuni huwaka na kucheza diski vizuri, bila dalili yoyote, mpaka utakapojaribu kuingia.