Kalenda ya Matukio ya Chuo: Tarehe Ipo, Maelezo Hayatoshi

Huduma ninayoitathmini hapa ni kalenda ya matukio yajayo ya chuo kikuu kimoja, ambayo huwafikia wanafunzi na wafanyakazi kwa njia mbili: ukurasa wa tovuti unaohuishwa mara kwa mara, na barua pepe inayotumwa kila Jumatatu asubuhi. Humo huwekwa pamoja maonesho ya ajira, usaili wa majaribio, mihadhara ya wageni, utetezi wa tasnifu, uchangiaji damu, kazi za kujitolea na mikutano ya vyama vya wanafunzi. Nimeitegemea kwa muhula mzima, na maoni yangu ni kwamba inajua vizuri kutangaza tukio, lakini haijui kumwandaa mtu kulihudhuria. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa matukio mengi ya chuoni, hasa yale ya ajira, hayamsaidii sana anayefika mikono mitupu.

Sifa zake zitajwe kwanza, maana anazistahili mtu aliyeibuni. Kabla ya hapo matangazo yalikuwa yametapakaa kwenye mbao, kwenye milango ya ofisi na katika makundi ya WhatsApp, hivyo asiyekuwamo katika kundi fulani alizipata habari za mhadhara ukiwa umekwisha kufanyika. Sasa yote yako mahali pamoja, na msomaji anaweza kuyachuja kwa aina, kwa kampasi au kwa tarehe. Kila tukio lina ukurasa wake wenye ukumbi, saa na mtu wa kuwasiliana naye. Katika muda wote nilioitumia sikukuta matukio mawili yakigombea ukumbi mmoja.

Kasoro zinaanza kwenye sehemu ya ajira, ambayo kwa hakika ndiyo inayosomwa zaidi. Tangazo la maonesho ya ajira ya muhula huu lilitoa siku, ukumbi na sentensi isemayo kwamba waajiri mbalimbali watakuwepo na wahitimu wote wanakaribishwa. Orodha ya waajiri haikuwepo. Haikuelezwa kama wanatafuta watu wa ajira ya kudumu au wa mafunzo kwa vitendo, wala kama watapokea wasifu uliochapishwa au watamwelekeza kila mtu kwenye tovuti zao. Mwanafunzi anayejua mapema ni taasisi zipi zinakuja anaweza kusoma shughuli zao, kuchagua nne au tano za kuzungumza nazo, na kuandaa maswali ambayo majibu yake hayapatikani kwenye vipeperushi. Asiyejua huzunguka ukumbini akikusanya kalamu na mifuko. Tena neno lile "wahitimu" lina madhara yake: waajiri wakubwa, hasa wa fedha, ushauri wa biashara na teknolojia, huanza kuchuja waombaji miezi mingi kabla ya kazi yenyewe kuanza, na mara nyingi nafasi za mafunzo za wakati wa likizo huwalenga watu ambao bado wana mwaka mmoja au miwili ya masomo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akisoma tangazo kama hilo atadhani halimhusu, ilhali pengine yeye ndiye anayetafutwa.

Kubwa zaidi ni suala la tarehe za mwisho. Kalenda hupanga kila kitu kwa siku ya tukio, na barua pepe ya Jumatatu hufuata mpangilio huohuo. Usaili wa majaribio uliofanyika siku ya Alhamisi ulitangazwa kwa barua pepe Jumatatu ya wiki hiyohiyo, lakini usajili wake ulikuwa umefungwa tangu Ijumaa iliyotangulia; maelezo ya usajili yalikuwa chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo, baada ya ramani ya jengo. Nilikuwa miongoni mwa walioachwa nje. Dawa yake ni rahisi na haihitaji programu mpya: siku ya mwisho ya kujisajili iingizwe kwenye kalenda kama tukio linalojitegemea, na barua pepe itangulize yanayofungwa wiki hiyo kabla ya yanayofanyika wiki hiyo.

Kwamba waandaaji wanaweza kufanya vizuri zaidi kunathibitishwa na tangazo moja la warsha ya usaili. Lilimtaka mshiriki aje na nakala ya wasifu wake pamoja na tangazo la kazi halisi anayoitamani, na likaeleza kwamba watu watafanya mazoezi ya kujibu maswali kwa kufuata hatua nne: hali ilivyokuwa, jukumu alilopewa, hatua alizochukua na matokeo yaliyopatikana. Mistari mitano tu, lakini watu walifika wakiwa tayari na warsha ikaanza kazi bila kupoteza nusu saa ya utangulizi. Sijui kwa nini mtindo huo haukufanywa kuwa kiolezo cha matangazo mengine.

Upande wa taaluma una dosari za namna nyingine. Mashindano ya Tasnifu kwa Dakika Tatu, yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia mwaka 2008 na sasa kufanyika katika vyuo vya nchi nyingi, yalitangazwa kwa watazamaji peke yao. Mtafiti wa uzamivu aliyetaka kushiriki hakuambiwa kwamba anaruhusiwa slaidi moja tu isiyo na michoro inayojongea, kwamba vifaa vya maonesho haviruhusiwi, na kwamba anayezidisha dakika tatu huondolewa. Mtu huhitaji wiki kadhaa kuifinya kazi ya miaka kufikia kipimo hicho. Makongamano nayo yaliwekwa kwa siku ya ufunguzi, wakati jambo linalomhusu mwandishi wa makala ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ikisiri, ambayo kwa kawaida hutangulia kongamano kwa miezi.

Mihadhara ya mtandaoni iliandikwa saa bila kutaja ni saa za wapi, hata pale msemaji alipokuwa bara jingine. Hilo ni ajabu kidogo, kwa sababu muundo wa faili unaotumiwa na kalenda nyingi za kidijitali, iCalendar, ulitolewa mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2009, na tangu mwanzo umekuwa na nafasi ya kuandika ukanda wa saa. Ukiachwa wazi, kila kifaa huisoma saa ile kama saa ya mahali kilipo. Yafaa pia kujua kwamba kitufe cha kupakua tukio hukupa nakala isiyobadilika: semina ikihamishiwa ukumbi mwingine, simu yako itaendelea kukuonesha ule wa zamani. Kitufe cha kujiunga na kalenda nzima ndicho kinacholeta mabadiliko, lakini kimefichwa ndani ya menyu ambayo wengi hawaifungui.

Sitaki kupita bila kutaja mabango. Matukio kadhaa huwekwa kama picha tu, huku tarehe, ukumbi na kiungo cha usajili vikiwa ndani ya picha hiyo. Mwanafunzi asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini haambulii kitu. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti imekuwa ikitaka picha ziwe na maelezo ya maandishi tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1999, kwa hiyo hapa hakuna cha kusingizia ugeni wa jambo.

Matukio ya jamii hayana mengi ya kulalamikia. Tangazo la uchangiaji damu lilisema kila mtu anakaribishwa, ingawa kwa vigezo vya jumla vya Shirika la Afya Duniani mchangiaji anatakiwa awe na umri wa kati ya miaka 18 na 65 na uzito usiopungua kilo 50; kulitaja hilo kungewaepusha baadhi ya watu kupanga foleni ya bure. Kazi za kujitolea zilielezwa vizuri, pamoja na mavazi yanayofaa.

Ofisi inayosimamia huduma hii husikiliza. Nilipoandika kuuliza kuhusu saa za mhadhara mmoja, nilijibiwa siku hiyohiyo na ukurasa ukarekebishwa, jambo linalonifanya niipe alama tatu kati ya tano badala ya mbili. Anayeanza kuitumia ajiunge na kalenda nzima badala ya kupakua tukio mojamoja, achuje kwa aina anayoihitaji, na afungue ukurasa wa kila tukio la ajira hadi chini kabisa angalau wiki mbili kabla, bila kusubiri barua pepe ya Jumatatu.