Tairi la nyuma la bodaboda kwa barabara za Mwanza: la kununua na la kuacha

Kazi kubwa iko nyuma. Tairi la mbele linaelekeza na kushika breki, lakini la nyuma linasukuma, linabeba abiria, linabeba gunia la dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, na ndilo mnyororo unalolivuta ukirudisha gia kupanda Isamilo au Bugando. Ndiyo maana wengi wetu tunabadilisha la nyuma mara mbili na la mbele bado lipo. Kama kuna hela ya kubana kwenye pikipiki, ibane kwingine.

Kabla hujauliza bei, chuchumaa usome ubavu wa tairi. Wauzaji wengi watakuonyesha meno, kwa sababu meno yanavutia. Habari yenyewe imeandikwa ubavuni.

Anza na saizi. Boxer nyingi zinazofanya kazi hapa zinavaa 3.00-17 nyuma, TVS HLX zinavaa 3.00-18. Namba ya mwisho ni inchi za rimu: la 17 halikai kwenye rimu ya 18, hata fundi akikuapia. Usidanganywe pia kuongeza upana ili pikipiki ionekane nzito. Tairi pana mno linaweza kusugua mnyororo au madigadi.

Halafu tafuta namba na herufi zinazofuatana, mfano 50P. Hiyo 50 maana yake tairi linahimili kilo 190, na P ni mwendo wa hadi kilomita 150 kwa saa. Mwendo huo hutaufikia kamwe ukitoka Buzuruga kwenda Igoma, kwa hiyo herufi isikuumize kichwa. Namba ya uzito ndiyo yako. Tairi la 45 ni kilo 165 tu. Sasa piga hesabu: wewe kilo 70, abiria 75, mzigo wake 50, na pikipiki yenyewe inazidi 100. Sehemu kubwa ya uzito huo inakalia tairi la nyuma. Ukifunga la 45 unalibebesha kuliko lilivyotengenezwa, tena kila siku.

Mwisho tazama tarakimu nne zilizo ndani ya duara refu, karibu na herufi DOT. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Hili nililijifunza kwa hasara. Niliwahi kununua tairi duka moja mjini, linang'aa kama limetoka kiwandani juzi. Miezi miwili baadaye nyufa ndogondogo zikatokeza ubavuni, na niliposoma tarakimu nikakuta lina miaka sita. Lilikuwa limening'inizwa nje juani muda wote huo, likapakwa dawa ya kung'arisha. Mpira unazeeka hata usipotembea, na jua ndilo linaloumaliza haraka. Mimi sinunui lililozidi miaka miwili, na lililoanikwa nje ya duka siligusi.

Sasa nipange ninavyoona mimi.

La kwanza, bila kusita, ni tairi jipya la tyubu lenye meno ya wastani, lililoandikwa 50P au zaidi, na 6PR. Hiyo 6PR ni daraja la ugumu wa mwili wa tairi, na mawe ya vichochoro vya Mabatini na Igogo yanaudai ugumu huo. Meno ya wastani yanashika lami ya Nyerere Road mvua ikinyesha, na yanashika changarawe ukikata kona kuingia mtaani. MRF na CEAT za India, au Kenda ya Taiwan, zote zina saizi hizi. Tazama maandishi ya ubavuni kwanza, jina baadaye. Likipatwa na pancha, fundi wa kuliziba yuko kila kijiwe.

La pili ni la tyubulesi, yaani lisilotumia tyubu ndani, lakini kwa mwenye rimu za sporti tu, zile zisizo na spoku, na rimu yenyewe iwe imeandikwa TUBELESS. Si kila rimu ya sporti inafaa. Uzuri wake ni mkubwa: msumari ukiingia, upepo hutoka polepole, unapata muda wa kusimama salama na abiria wako. Kwenye tyubu upepo unaweza kuisha ghafla ukiwa mteremkoni. Nimelishusha nafasi ya pili kwa sababu pikipiki nyingi zetu bado ni za spoku, na upepo hupenya kwenye matundu ya spoku.

La tatu ni lenye meno makubwa yaliyoachana. Kama kazi yako ni vijijini Sengerema au Magu, masika kwenye tope, basi kwako hili ndilo la kwanza. Kwa wa mjini linaisha upesi kwenye lami, linatetemesha, na kwenye lami yenye maji linateleza kwa sababu mpira unaogusa chini ni mchache.

La nne ni jepesi la 4PR la bei ya chini. Linamfaa mwenye pikipiki ya kwendea kazini, asiyebeba mtu. Kwa bodaboda, gawanya bei kwa miezi litakayodumu, utaona lile la bei ya juu ndilo nafuu.

Lililotumika, au kipara kilichochongwa meno upya kwa kisu cha moto, silipangi kabisa. Kisu kinakula mpira unaofunika nyuzi. Ukilifunga hilo, umempakia mtoto wa mtu juu yake.

Ukishanunua, nunua na tyubu mpya. Ya zamani imeshatanuka, itajikunja ndani na kupasuka. Mwambie fundi afuate mshale wa mzunguko ubavuni. Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo, si kwa kubonyeza na kidole gumba. Kitabu cha pikipiki kina namba mbili, ya dereva peke yake na ya kubeba abiria. Tumia ya abiria. Kilomita 100 za mwanzo nenda taratibu kwenye kona, tairi jipya huteleza mpaka ngozi yake ya juu iishe. Na ukioshea pikipiki ziwani au kwa ndoo, usilipake dizeli ling'ae. Mafuta yanakula mpira.