Kikao cha kwanza: baani au katikati ya mapigano?

Unaongoza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ambapo kila mchezaji ana mhusika wake na dadu huamua matokeo; hadithi ianzie wapi? Kuanzia baani ni desturi ya siku nyingi: wahusika wanakutana mezani, mgeni aliyejifunika uso anawaletea kazi. Uzuri wake ni utulivu. Wachezaji wanajaribu sauti za wahusika wao, wanaulizana walikotoka. Lakini mwenye haya atanyamaza, na saa nzima inaweza kuyeyuka watu wakiagiza pombe ya kufikirika.

Njia ya pili: daraja linawaka, mazimwi yanakuja, unafanya nini? Dadu ya pande 20 inarushwa ndani ya dakika chache, na mgeni wa mchezo anajifunza kanuni kwa kutenda. Mimi naipendelea hii, ila ina masharti yake. Katika Dungeons & Dragons, mchezo mmoja wa aina hii, mchawi wa ngazi ya kwanza ana uhai kidogo mno; pigo moja baya, na mhusika aliyeandikiwa kurasa tatu za historia yuko chini (mchezaji aliyeziandika hatakusamehe upesi). Kwa hiyo maadui wawe wachache, dhaifu, tena wenye sababu ya kukimbia. Swali la nani anamjua nani limalizwe mapema, mnapounda wahusika, kwa kuwa moto hausubiri utambulisho.

Kwa marafiki waliozoeana mezani, baa inatosha kabisa.