Nyasi bandia za kando ya bwawa: acha ukijani, geuza mgongo

Habari zenu wadau, karibuni. Salamu leo fupi, maana kuna kitu kinaniudhi. Kila wiki mnaniuliza: nina bwawa nyumbani, nataka nyasi bandia kuzunguka, nichukue za milimita ngapi? Milimita, milimita! Urefu tutaufikia. Chukua sampuli kwanza, igeuze. Pesa yako inapotelea mgongoni.

Sogeza kamera. Karibu zaidi, hapo hapo. Kipande hiki ni sentimita 30 kwa 30, mgongo wa lateksi nyeusi, yaani gundi ya mpira, ule uliojaa madukani. Matundu ya kupitisha maji yamepishana sentimita 10. Hesabuni na mimi: matatu, sita, tisa. Basi. Sasa nakiinua kwenye taa. Mnaona? Mwanga unapita sita tu. Haya mawili yamezibwa na lateksi, na hili la pembeni limelaliwa na nyuzi.

Nakilaza juu ya tofali mbili, nyasi juu. Namwaga maji lita moja, taratibu, kama mtoto aliyetoka kuogelea amesimama anachuruzika. Tazama chini ya kipande: tone, tone. Tazama ubavuni: maji yote yanatokea huku. Ni kwamba chini ya nyasi ndefu kuna hizi nyuzi fupi za kahawia zilizojikunja. Zinashika maji, na lateksi inayazuia yasishuke. Bustanini unaweza kuvumilia, mvua ikikatika jua linakausha. Kando ya bwawa watu wanachuruzika humo humo kila siku, na mafuta yao ya kujikinga na jua. Lateksi isiyokauka inalegea, harufu inaanza, nyasi zinang'oka kwa vishada. Zinakwenda wapi? Kwenye skima, ule mdomo wa pembeni unaonyonya uchafu wa juu ya maji, halafu kikapu cha pampu. Utaambiwa pampu imekufa, kumbe kikapu kimejaa ukijani.

Kipande cha pili. Huu mgongo ni kitambaa kilichofumwa, nyasi zimeshikwa kwa mistari ya gundi ya poliyurethani bila kuziba kitambaa kizima. Lita moja ile ile. Imeshuka! Narudia kwa wale mnaoruka mbele... imeshuka tena. Huku juu kumebaki unyevunyevu tu. Ndiyo, bei yake iko juu, najua, msinirukie kwenye komenti.

Umeshanunua ya lateksi? Usiitupe. Geuza, ongeza matundu katikati ya yale ya kiwandani kwa chuma cha moto cha milimita 8 hivi. Choma kutokea mgongoni, kati ya mistari ya mshono. Ukichoma juu ya mshono umekata nyasi mwenyewe. Na fanyia nje, ule moshi si wa kuvuta.

Haya, milimita zenu. Chukua 20 hadi 30, nyasi za plastiki ya polietilini. Hata 30, nikifikiria vizuri, sipendi sana: inalala haraka chini ya viti, na inahifadhi maji. 25 inatosha. Zile za 40 waachie wapiga picha za harusi. Mchanga wa kujazia katikati ya nyasi pia punguza, tena weka mbali na ukingo, la sivyo miguu itauhamishia bwawani.

Suala la joto wauzaji hawaligusi. Jua la saa saba, Dar au Mombasa, nyasi bandia zinaweza kuvuka nyuzi joto 60 za selsiasi. Ukimwagia maji zinapoa, baada ya muda mfupi zimerudi kule kule. Kwa hiyo njia ya kutoka bwawani hadi bafu la nje iwe ya mawe meupe yasiyoteleza, nyasi ziende upande wenye kivuli. Vigae vinavyong'aa sivitaki kabisa. Vikilowa ni hospitali. Halafu angalia vioo vikubwa vya nyumba: mwanga unaoakisiwa na baadhi ya vioo unaweza kuyeyusha nyasi, utaona mstari uliokunjamana.

Kutandika. Usilete nyasi hadi mdomoni mwa bwawa. Acha ukingo wa mawe wa sentimita 30, na nyasi zikae chini kidogo ya ukingo huo. Sakafu iteremke kutoka bwawani, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Ikiteremkia bwawani, uchafu wote unarudi kwenye maji. Kama ni udongo, weka kokoto zilizoshindiliwa sentimita 8 hadi 10. Kama ni zege, gundi ya poliyurethani pembezoni na kwenye maungio tu. Ukipaka kote umeziba njia ya maji, na mgongo mzuri uliolipia umekuwa kazi bure.

Sasa bei, na hapa upana wa roli ndio unaokuliza. Bwawa la mita 8 kwa 4, ukingo wa sentimita 30, halafu mkanda wa nyasi wa mita 1.2. Unahitaji mita za mraba 37 na kidogo. Roli la upana wa mita 2 linakulazimisha ununue mita za mraba 62, kwa sababu kila mkanda unabakiza sentimita 80 za kutupa. Roli la mita 4 linatoa mikanda mitatu kwa upana: kata urefu wa mita 11, miwili ya pande ndefu, wa tatu unagawanywa kwa pande fupi. Mita za mraba 44, kwisha. Tuseme mita ya mraba ni shilingi 30,000: umeokoa zaidi ya laki tano. Kwenye kona nyasi zitalalia upande tofauti na rangi itabadilika kidogo. Weka chungu cha maua hapo.

Klorini, dawa ya kwenye maji ya bwawa, haiziui nyasi hizi. Chembe kavu za klorini zikimwagika, zoa kwanza zikiwa kavu, ndipo usuuze kwa maji mengi.

Jumamosi saa mbili usiku tuko laivu na gundi tatu za maungio, tutazivuta hadi ziachie. Bonyeza kengele, na ukienda dukani kabla ya hapo, beba chupa ya maji. Muuzaji akikataa umwagie sampuli, hamia duka la pili.