Sony ICD-PX470 mezani: kinasa sauti kwa kikao cha nidhamu

Mfanyakazi anayerekodi kwa simu mfukoni kwenye kikao cha nidhamu mara nyingi anaogopa kwamba muhtasari utaandikwa na mwajiri peke yake. Meneja anayemnyang'anya simu anauthibitisha woga huo. Bora kinasa sauti kikae mezani, wote wakione, na kila upande uondoke na nakala yake. Kwa kazi hiyo Sony ICD-PX470 kinafaa, hata katika viwanda vya sangara hapa Mwanza, ilimradi kitumiwe kwa uangalifu.

Kina hifadhi ya GB 4, betri 2 za AAA na plagi ya USB mwilini mwake. Ukikiweka kwenye MP3 ya kilobiti 128, saa moja hula megabaiti 58 hivi. Sauti za wasemaji hutoka safi, ila maikrofoni hunasa pia kila mgongano wa meza. Kilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, zima pangaboi, na usikalie ofisi inayopakana na kompresa za vyumba vya baridi: mngurumo wake humeza maneno ya mwenye sauti ndogo, naye mara nyingi ndiye mtuhumiwa.

Usiwashe VOR, yaani kurekodi kunakowashwa na sauti. Husimamisha kurekodi kukiwa kimya, hukata mwanzo wa sentensi, na mapengo hayo huzua hoja kwamba rekodi imechakachuliwa. Kagua tarehe na saa kila ukibadilisha betri. Kasoro kubwa ni kwamba hakina nywila. Anayekiokota anasikia yote. Kifungie kabatini, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Wito wa kikao, ambao kwa Kanuni za Utendaji Bora za 2007 hutolewa kwa kawaida angalau saa 48 kabla, utaje kwamba mazungumzo yatarekodiwa. Mwanzoni tamka tarehe, saa, majina na vyeo, kisha kila mmoja ajibu kwa sauti kama anaridhia. Mkienda chai, tamka saa ya kutoka na ya kurudi. Mwisho nakili faili zima kwenye flashi 2 mbele yao. Usikate hata kikohozi: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaangalia ushahidi ulitunzwaje na kama umebaki mzima. Wala usifute mapema. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30, na anayechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda.

Simu ya siri ikigundulika, iandikeni kwenye muhtasari, omba nakala, kisha rudini kwenye hoja iliyowakutanisha. Usilazimishe ifunguliwe wala rekodi ifutwe. Kumwadhibu mfanyakazi kwa kurekodi kunahitaji kanuni ya kazini aliyokuwa akiijua, au aliyotarajiwa kuijua, kabla ya siku hiyo.