Uzoefu wangu: fildi ya samaki na maji Kigoma

Kwa mwanafunzi wa biolojia, kemia au sayansi ya majini anayetafuta mahali pa kufanyia fildi kati ya Julai na Septemba, Kigoma naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja imeangushwa na vifaa. Watu na Ziwa Tanganyika lenyewe sina neno nao. Ila ujue kabla hujapanda treni: kule kazi inafuata kalenda ya ziwa, na kalenda hiyo haijali tarehe za chuo.

Kwanza kabisa, angalia mwezi wa angani. Dagaa (Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon) na migebuka (Lates stappersii) huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki inavyotakiwa. Siku zinazozunguka mwezi mpevu boti nyingi hubaki nchi kavu. Mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29.5 hivi, kwa hiyo fildi ya wiki nane kwa kawaida itaukuta mara mbili. Ukiandika kwenye pendekezo lako kwamba utachukua sampuli kila Jumatatu, zipo Jumatatu utakazokuta mwalo (ufuko boti zinaposhushia samaki) mtupu. Panga sampuli za samaki wakati wa giza, na siku za mbalamwezi zifanyie kazi ya maabara. Ulizia pia kama ziwa litafungwa. Mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwaka kama huo mada ya samaki inakula nusu ya fildi bila data, heri uchague mada ya maji.

Mwaloni, iwe Kibirizi, Katonga au Ujiji, fika alfajiri. Boti ikigusa ufuko wachuuzi wameshaizunguka, na beseni zinaondoka upesi. Waamkie wakubwa, jieleze kwa nahodha, na samaki wako nunua, usiombe. Chota kutoka beseni kadhaa bila kuchagua, maana mkono wenyewe hupenda wakubwa na wastani wako utapanda bure. Wapime wakiwa wabichi: dagaa akikaa juani husinyaa. Urefu usome kwa milimita, kisha mkaushe kwa karatasi kabla ya kumweka kwenye mizani. Mizani isome gramu 0.01. Ya gramu 0.1 haifai kwa samaki wa gramu moja au mbili, itavuruga uwiano wa urefu na uzito na utadhani kosa ni la hesabu. Limnothrissa wachanga hufanana mno na Stolothrissa, kwa hiyo fungu la kwanza mwombe fundi sanifu mzoefu alihakiki. Formalini ya kuhifadhia ni sehemu moja ya ile ya dukani kwa sehemu tisa za maji, ukiwa na glavu na madirisha wazi.

Kwenye maji, oksijeni ndiyo inayowasumbua wengi. Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, lakini upande wa kaskazini oksijeni huishia karibu mita 100 tu. Mita yako ya oksijeni ikisoma sifuri kule chini, usikimbilie kubadilisha betri. Kosa la kweli huwa kwenye kuiseti: uso wa ziwa uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam. Maji ya nyuzi 26 yaliyoshiba oksijeni yatakuwa na miligramu 7.4 hivi kwa lita, wakati pwani yangefika 8.1. Usipoweka mwinuko, kila namba yako itakuwa juu kwa karibu asilimia kumi. Hakiki kwa njia ya Winkler, ya kupima oksijeni kwa kemikali: chupa ya mililita 300, mililita moja ya manganizi salfeti, moja ya iodidi yenye alkali, kisha moja ya asidi ya salfuriki mashapo yakishatulia. Kiputo kimoja kikibaki chini ya kizibo, mwaga uanze upya.

Diski ya Secchi ya sentimita 20, ile ya kupimia uangavu wa maji, inataka kamba ndefu kuliko unavyodhani, maana maji haya ni maangavu sana. Beba mita 20, kamba isiyovutika. Msimu huo wa Julai hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huchafua ziwa, kwa hiyo toka mapema na jaketi okozi livae tangu ufukweni.

Kituo nilichopangiwa kilikuwa na bafa za pH (za kuseti mita ya uchachu wa maji) zilizopitwa na muda. Beba pakiti zako za 4, 7 na 10, ni nyepesi.

Chumba kipo, Mwanga au Gungu, tatizo ni wenye nyumba kutaka kodi ya miezi mitatu au sita. Mnapokuwa wawili inabebeka. Kuoga ziwani kando ya majani acha, kuna kichocho.

Swali la kuuliza kabla barua ya fildi haijatoka chuoni: petroli ya boti analipa nani? Hapo ndipo pesa inapokwenda. Kama ni wewe, omba tarehe za safari za kituo na uzipange sampuli zako humo humo. Boti yao ikienda, nawe na chupa zako mnakuwemo.